Fundi Hukaa Juu ya Kazi Yake

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa uyoga. Mmoja tu, mweupe, mdogo kama kifungo cha shati, umeota kwenye tundu la bolti nyuma ya boti. Watu wa soko la Keumbu walipita hapo kila siku na hakuna aliyeuona, kwa sababu walikuwa wanaishangaa boti yenyewe. Na kweli ilikuwa ya kushangaza. Kutoka kwetu mpaka ziwani ni milima na mabonde, na maji yetu ya karibu ni kijito ambacho bata akiingia anasimama.

Boti hiyo ya faiba ililetwa na mtu mmoja aliyefungua hoteli ya samaki, akaiweka mlangoni iwe bango. Hoteli ikafa, boti ikabaki. Ndipo Jacinta Adongo, dada wa ziwani anayeuza omena, dagaa wa ziwa, karibu na kibanda changu cha ndizi, akainunua kwa bei ya mtu anayehama. Injini alikuwa nayo tayari. Ilikuwa chini ya kitanda chake, imefunikwa shuka kama mgeni mwenye homa. Ndugu yake, Osewe, alikuwa anavua katika boti za watu, na Adongo alitaka avue katika yake mwenyewe.

Shida ilikuwa moja. Ubao wa nyuma, ule unaobeba injini, ulikuwa umeoza ndani ya faiba. Ukigonga boti mahali pengine inaitikia ko, ko. Ukigonga nyuma inasema pu, kama avokado iliyosahauliwa. Injini ikifungwa hapo ingechomoka katikati ya ziwa na kwenda chini, na huenda ingeondoka na Osewe. Injini nyingine ingeweza kutafutwa. Ndugu, Adongo alikuwa na huyo mmoja tu.

Asubuhi moja alipokuwa anagonga na kupumua kwa uchungu, Gibson Onyancha akapita. Wengine wakisikia mtu anapumua hivyo husema pole. Gibson alisikia mlango ukifunguka.

Huyu Gibson alikuwa amewahi kuwa daktari wa ng'ombe, wakala wa viwanja na mchungaji msaidizi, na kila kazi aliiacha siku ambayo watu walianza kuuliza maswali.

"Madam," akasema, akiweka mkono juu ya boti kama anayeipima joto, "huyu ni mgonjwa."

"Naona, omera, ndugu yangu. Wewe ni daktari?"

"Zaidi. Mimi ni injinia wa faiba. Nimetengeneza meli Mombasa."

Meli pekee aliyowahi kuiona ilikuwa kwenye kalenda.

"Sasa dawa yake ni nini, injinia?"

"Upasuaji. Tunafungua faiba kwa ndani, tunachimba ubao mbovu wote, tunaweka plaiwudi ya boti, mbili zimegandishwa pamoja, tunafunika na faiba mpya. Akipona, mfungie hata injini ya ndege."

Ubaya wa Gibson ni kwamba maneno hayo yalikuwa ya kweli. Aliyasikia kwenye video ya mtu mwingine akisubiri kunyolewa, na kichwa chake kilishika maneno kama nguo ya sufu inavyoshika majani ya porini. Adongo akampa pesa ya vifaa.

Kesho yake plaiwudi haikuonekana. Kilichoonekana ni jaketi ya ngozi, nyeusi, yenye zipu mpaka mahali ambapo hapahitaji zipu, na ndani yake Gibson.

Alikuja moja kwa moja kwenye kibanda changu. Nilikuwa nimekalia kipande cha mgomba, kinono na kilichonyooka.

"Msichana, niuzie huo mgomba."

Mimi mtu nisiyemzoea akinisemesha, ulimi unalala. Nikaangalia chini. Akataja bei. Nikaangalia chini zaidi. Akaongeza. Nikaanza kuchora vumbi kwa kidole cha mguu.

"Wewe ni mgumu!" akasema, akaongeza tena. "Nyinyi wanyamavu ndio hatari."

Akaweka pesa juu ya ndizi, akabeba mgomba begani, na jaketi ikalia nywii, nywii mpaka nyuma ya boti.

Alifanya kazi siku mbili, tena kwa kelele nyingi. Alikata faiba kwa grainda ya kuazima. Alichimba ubao mweusi uliolowa, ukawa unatoka kama majani ya chai yaliyokamuliwa, na uyoga wangu ukaenda nao. Watu walisimama kutazama. Lakini wakati wa kuweka ubao mpya aliwaambia watu wasogee mbali kwa sababu ya sumu, akaingiza mgomba aliokuwa ameupasua vipande, akaupaka gundi kidogo, akatandika kitambaa chembamba cha faiba, halafu rangi ya bluu. Watu walisogea mbali. Mimi sikuwa na pa kusogea, kibanda changu kiko pale pale.

"Asigongwe wiki nzima," Gibson akatangaza. "Bado anapona."

Adongo alicheka peke yake siku hiyo yote. Aliwaongezea wateja omena bila kuombwa. Kisha akanitazama.

"Nyanchera, nyathina, mtoto wangu, mbona umenuna? Hufurahi na mimi?"

Nilitaka kumwambia yote. Maneno yalikuwa yamejipanga mdomoni kama watu kwenye kisima, na likatoka moja tu la mbele.

"Dada, kwetu aliyepika uji huonja kwanza."

Ni desturi ya nyumba zote za kwetu. Ukimkaribisha mtu, unameza wewe kwanza, mgeni aone huanguki. Adongo alinitazama. Akatazama mahali nilipozoea kukaa, akaona nimekalia debe. Akatazama maganda meupe ya mgomba nyuma ya boti yake, na nzi wadogo waliokuwa wamekusanyika kwenye ile rangi ya bluu kama wanaosubiri pombe ichujwe.

Hakupiga kelele. Kudai pesa hakungesaidia, kwa sababu pesa ilikuwa imeshavaliwa. Alijifunga leso vizuri, akasimama juu ya kreti, akapiga makofi.

"Watu wa Keumbu! Jumapili ya wiki ijayo boti inaenda ziwani. Na kwetu ziwani kuna mila. Siku ya kwanza, fundi hukaa juu ya kazi yake. Anakaa nyuma kabisa, juu ya ule ubao, kando ya injini, mpaka katikati, mahali ambapo nchi kavu haionekani. Injinia Gibson ndiye mgeni wetu wa heshima!"

Soko likashangilia. Gibson akatabasamu kwa meno peke yake. Kuogelea kwake kulianzia kwenye karai na kuliishia hapo hapo.

"Ni heshima kubwa, madam," akasema. "Lakini kifua changu na upepo..."

"Si una jaketi?" mtu akapaza sauti.

Hata hapo angeweza kuponyoka. Magari ya kwenda mbali yanapita Keumbu siku nzima, na Gibson alikuwa ameshayapanda mengi kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Lakini upande wa mboga, mwanamke mmoja aliangusha mafungu ya managu, akaja mbio akiwa ameshika kichwa. Alikuwa mama yake.

"Mwanangu!" Mama Gibson alimkumbatia na jaketi yake yote. "Nimeomba miaka mingi upate kazi ya mikono, nikidhani Nyasae, Mungu wetu, amelala. Kumbe alikuwa anakusomesha Mombasa! Adongo, mama, huyu hatakaa peke yake. Nitakaa naye hapo nyuma."

"Mama, hapana," Gibson akasema.

"Hapana kitu gani? Wakati wa kukuzaa, si tulikuwa wawili?"

"Mama, wewe unaogopa hata daraja."

"Nitafumba macho. Mtoto wangu ameweka ubao, mimi nitaukalia."

Siku hiyo hiyo alinunua kitambaa kipya cha kichwa, cha rangi ya waridi, akamwonyesha kila aliyenunua mboga. "Hiki ni cha boti," alisema.

Nilimtazama Gibson wiki hiyo. Kila akipita karibu na boti, jicho lake lilienda nyuma. Mgomba ulikuwa umeanza kulia. Maji ya kahawia yalichuruzika chini ya rangi, nzi wakaja na jamaa zao. Mama yake akimpigia simu alikuwa anauliza kama boti ina mahali pa kuweka Biblia.

Ijumaa akapita bila jaketi. Nilisikia kwamba imeonekana mjini Kisii, soko la mitumba, imening'inia kwenye hanga na haina furaha.

Jumamosi Wasabato wote walikuwa kanisani na soko lilikuwa kimya. Gibson alikuwa Msabato mkali sana kila kazi ilipozidi. Lakini sisi nyumbani ni Wakatoliki, kwa hiyo nilikuwepo. Nilimwona akija na plaiwudi, ya kweli, amejibebea kichwani. Alikuwa na mkebe wa gundi ya faiba, dawa ya kuigandisha, kitambaa kinene, na simu ikicheza ile video. Aliponiona aliganda.

"Wewe hujaniona," akasema.

Nikaangalia chini.

Alikata. Mgomba ukatoka umeoza, unanuka kama pombe ya busaa iliyoharibika. Alikausha mahali hapo kwa matambara mpaka hata vumbi lilishangaa. Akapima kwa katoni, akakata plaiwudi mbili, akazigandisha, akazibana kwa bolti, akakosea, akafungua, akaanza upya. Video ilisema tabaka mbili za faiba. Akaweka, akakaa, akafikiri, nikamsikia akisema peke yake, "Mama ni mzito," akaongeza ya tatu. Akaongeza ya nne.

Jumapili ya wiki iliyofuata, kabla boti haijapakiwa kwenye lori, Adongo aliinama nyuma yake na kugonga kwa kifundo cha kidole. Ko, ko. Akagonga pale pembeni. Ko. Alifumba macho kidogo, kisha akaniambia, "Panda lori, nyathina. Utaona ziwa."

Ziwani, Osewe na wenzake walifunga injini. Osewe aliishika kwa mikono miwili, akaitikisa kwa nguvu zake zote. Boti nzima ikatikisika, ubao haukulia. Gibson akafungwa koti la kujiokolea, la rangi ya chungwa, zipu moja tu. Mama yake akakaa kando yake, macho amefumba, kitambaa cha waridi kinapepea, akaanza wimbo wa kanisa kwa sauti ya kuamsha viboko. Adongo na mimi tulikaa mbele. Boti ikaondoka.

Ilienda! Iliruka mawimbi, maji yakatupiga usoni, Adongo anapiga vigelegele, mimi nacheka mpaka meno yanapata baridi. Mama Gibson alifumbua jicho moja, akaona maji, akalifumba, akaongeza ubeti.

Katikati tukapishana na boti nyingine. Mzee mmoja akapaza sauti, "Osewe! Mbona hao wawili umewabandika nyuma kama magunia?"

Osewe akamjibu bila kupunguza mwendo, "Ni wageni kutoka Kisii! Dada ameniambia ni mila ya kwao!"

Gibson akageuka polepole. Akamtazama Osewe, kisha akamtazama Adongo.

"Mila ya nani?" akauliza.

Adongo alikuwa anatazama ndege.

Kwa muda Gibson alifanana na mtu aliyemeza kijiko. Kisha mama yake akampapasa goti na kusema, "Ubao ni imara, mwanangu, hata hausogei," naye akafunga mdomo. Alibaki hapo juu ya kazi yake mpaka tuliporudi ufuoni, uso umempauka kidogo kwa mawimbi.

Hapo ufuoni wenye boti watatu waliosikia habari walikuwa wanamngoja. Mmoja akamshika mkono.

"Wewe ndiye fundi anayekaa juu ya kazi yake?"

"Na mama yake," mwingine akaongeza. "Bila mama hatutaki."

Sasa Gibson ni fundi wa faiba kweli, maskini, na hakuna njia ya kutoka. Kila boti anayoitengeneza lazima aipande, na mama yake ana vitambaa vya kichwa vya kila rangi. Osewe anavua katika boti yake. Adongo ananiletea samaki wa ngege mara kwa mara, mkubwa, amefungwa kwenye gazeti.

Gibson akipita Keumbu husimama kwenye kibanda changu na kununua ndizi. Hunitazama, hutazama chini kidogo, kama mimi. Nafikiri anataka kuniuliza jambo. Na mimi ulimi unalala kama kawaida, kwa hiyo acha nimjibu hapa.

Gibson, mgomba ukishakatwa ndizi hauuzwi. Huwa tunawapa ng'ombe bure. Nilikuwa nimeukalia kwa sababu sikuwa na kiti. Sasa ninacho.