Mbuzi Mwenye Mwendo wa Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Leo nimeanza masomo ya kuchora katuni zinazotembea! Ukumbi wa parokia, madawati ya katekesi, vumbi la kiangazi mpaka ndani ya pua. Mwalimu wetu ni Madame Laure kutoka Bukavu, mwanamke mfupi mwenye kalamu zilizochomekwa kwenye nywele. Amesema katuni si mchoro, katuni ni mwendo. Mtu anaweza kuchora vibaya na bado akatuaminisha kwamba kiumbe chake kina uzito, kina pumzi, kina hasira. Nimefurahi mno. Kuchora vibaya nilianza zamani.

Habari kubwa. Jumapili ya wiki ijayo kila mwanafunzi ataonyesha kiumbe chake kikitembea na mzigo, mbele ya waumini wote. Atakayeufanya mzigo uonekane mzito kweli atabaki hapa Uvira kuwa msaidizi wa Madame. Kazi! Tena kazi yenye jina.

Naihitaji kuliko ugali. Mimi na Jolie tunapendana muda mrefu, lakini mama yake, Mama Bernardine muuza ndagala, dagaa wa ziwani, hajakubali niende kujitambulisha nyumbani kwao. Aliuliza: "Ule muntu anafanyaka kazi gani?" Jolie akamjibu kwamba bado natafuta. Mama akasema vizuri, nikishapata ndipo nije.

Gracien naye yuko darasani. Gracien wa nyumba ya pili, aliyenitangulia katika kila jambo tangu shule ya msingi. Hata surua aliipata kabla yangu. Sina wasiwasi naye.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Tumepewa mpira. Si wa kucheza, wa kuchora! Unatakiwa uanguke, ubonyee ukigusa chini, urefuke ukipanda, na kila ukidunda usipande juu kama mwanzo. Unachora karatasi baada ya karatasi, unazipiga picha moja moja kwa telefone, kisha telefone inazikimbiza. Niliuliza kwa heshima tutafika lini kwenye watu. Madame akajibu mpira kwanza. Nikasema mpira ni mambo ya watoto. Akasema asiyejua mpira hatajua mtu.

Nikapata akili. Gracien alipotoka kunywa maji, niliazima karatasi zake bila kumsumbua, nikazinakili dirishani kwenye mwanga. Upepo wa ziwa ukazipeperusha. Niliziokota vizuri tu, ila si kwa mpangilio wake.

Madame alipoturushia picha ukutani kwa projekta, mpira wangu ulianguka, ukatoweka, ukatokea darini, ukabonyea kwenye hewa tupu, ukabaki huko. Madame aliuliza huu mpira unadunda wapi. Nikasema hapa Uvira, kuna upepo. Hakucheka. Gracien alicheka kwa niaba yake.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Nimechagua kiumbe changu: mbuzi anayetembea kwa miguu miwili na mzigo kichwani. Gracien amechagua chura mwenye gunia la mchele wa Bwegera. Chura! Nani amewahi kumtegemea chura?

Somo la leo lilikuwa zuri. Kabla ya kitendo kuna maandalizi, amesema Madame. Anayetaka kuruka huinama kwanza, anayetaka kupiga hurudisha mkono nyuma kwanza. Usipoyachora maandalizi, mtazamaji hakuelewi.

Jioni nikaenda kumchunguza mbuzi dume wa jirani yetu, na karatasi na kalamu kama mtaalamu. Aliniangalia. Akainamisha kichwa. Akarudi nyuma hatua mbili, akakaza shingo. Nikawaza: maandalizi safi kabisa! Nilikuwa bado nayachora alipomalizia kitendo. Nimeangukia maharagwe ya dada yangu Libérate, yaliyoanikwa uani. Mbuzi akala michoro yote. Libérate anadai mbuzi huyo ana akili na mimi nina bidii, na kwamba haraka haraka haina baraka. Yeye maharagwe yake huiva kesho yake, kwa hiyo simshangai.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Madame ametutuma barabarani. Tukae, tutazame watu wanaobeba mizigo, turudi tuchore kwa kukumbuka. Gracien amekaa kando ya njia asubuhi nzima, juani, akitazama wapagazi wa magunia kama mtu aliyefiwa. Namhurumia. Hajui kwamba telefone inarekodi video.

Mpango wangu ni huu. Namrekodi mtu halisi, nasimamisha video picha kwa picha, naweka karatasi juu, nafuatisha mistari, halafu nabadilisha kichwa tu. Uzito utakuja wenyewe! Ukiona vyaelea vimeundwa, wanasema wahenga. Mimi nasema ukiona vyaelea, nakili.

Swali ni nani. Nimepitisha mji mzima kichwani na jibu ni lile lile: Mama Bernardine, akipanda kutoka ziwani kwenda mtaa wa Kilibula na beseni la ndagala mbichi. Shingo haitikisiki, kiuno ndicho kinafanya kazi yote. Hata vumbi humpisha.

Shida ipo. Mama mkwe hatazamwi. Kijana mwenye adabu akikutana naye hukaa kando, huinamisha macho, husalimu kwa mbali. Kumkodolea macho mgongoni ni aibu ambayo hata babu zangu wangeisikia. Nimefikiri mpaka chai ikapoa, na ufumbuzi umepatikana. Mimi sitamtazama. Itamtazama telefone.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Imefanikiwa! Nilijificha nyuma ya rundo la mchanga, mahali wanapojenga. Mama Bernardine akapita. Nikanyoosha mkono na telefone, mimi mwenyewe nikiangalia milima, kwa heshima.

Zawadi juu ya zawadi: kila baada ya kipande cha njia alisimama. Mkono wa kushoto ukashika beseni, wa kulia ukaenda kiunoni, ukashughulika huko kidogo, kisha akaendelea. Safi sana. Akisimama, kazi yangu inapungua, maana miguu haichorwi upya. Kuna mahali aligeuka nyuma ghafla, na mimi nikalala kifudifudi kwenye mchanga. Bado ninao masikioni. Hiyo ndiyo bei ya sanaa.

Jumatano, tarehe 12 Juni

Nimechora siku nzima. Nimeazima kioo cha kabati la Libérate, nikakiweka juu ya matofali, telefone chini yake, karatasi juu. Mguu wa mama umepanda, nao wa mbuzi unapanda. Kiuno kimekwenda kulia, naye mbuzi kulia. Mkono umeenda kiunoni, nachora mkono umeenda kiunoni. Sijiulizi kwa nini, kazi ni nyingi.

Pembe nimeongeza, ndevu nimeongeza, mkia mfupi uliosimama. Nguo nimeziacha, mbuzi havai. Hata mama aliyemzaa Mama Bernardine hawezi kumtambua.

Libérate alipita, akasimama, akasema huyu mbuzi anamkumbusha mtu fulani wa kanisani. Nikamwambia sanaa nzuri hukumbusha kila mtu kitu. Akauliza kioo chake kiko wapi. Nikamwambia nacho kiko kwenye sanaa.

Ijumaa, tarehe 14 Juni

Siku tamu kuliko zote! Nilimwonyesha Madame kipande. Akaomba kurudia. Akasema hatimaye kuna uzito, shingo inabeba, magoti yanalipa. Akaniuliza kama kweli nilikaa na kutazama. Nikajibu nimetazama mpaka macho yameuma. Ni kweli, kioo cha telefone yangu ni kidogo. Akauliza mbona mbuzi anapeleka mkono kiunoni. Nikasema ni tabia yake. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akaandika kitu.

Gracien alikunja chura wake akaenda nyumbani!

Nimemwambia Jolie amlete mama yake Jumapili, na wakae mbele. Jolie aliniuliza nimechora nini. Nikasema ni mshangao. Moyo umejaa, nimeoga mara mbili leo.

Jumapili, tarehe 16 Juni

Sijui nianzie wapi.

Baada ya misa ukumbi ulijaa. Mama wa kwaya walitundika vitenge vyao madirishani tupate giza. Mama Bernardine alikaa benchi la tatu, kitambaa kipya kichwani, Jolie kando yake. Chura wa Gracien akatangulia. Akainama, akakusanya nguvu, akainua gunia, na ukumbi wote ukaguna naye kama umelibeba wenyewe. Walimpigia makofi. Nikapiga na mimi, kwa vidole.

Kisha mbuzi wangu. Alitokea kushoto. Akatembea! Shingo tuli, kiuno kinazungumza. Nikasikia mtu anasema polepole, lakini huyu... Mbuzi akafika katikati ya ukuta. Akasimama. Mkono wa kushoto ukashika beseni. Mkono wa kulia ukaenda kiunoni, na pale, mbuzi asiyevaa chochote, akakaza kitenge ambacho hakipo. Akachomeka vizuri. Akajipigapiga. Akaendelea na safari.

Sauti moja ikalipuka kutoka nyuma: "Ni Mama Bernardine! Muangalie, anafunga kikwembe!"

Kumbe mji mzima unamjua kwa mkono ule! Ukumbi ukaangua kicheko. Mbuzi akasimama tena, akafunga tena. Watu wakapiga mabenchi. Kisha akageuka nyuma ghafla na kutukodolea macho, kwa sababu na hilo nilikuwa nimelinakili.

Mama Bernardine akainuka. Alikuwa na hasira ya kuchemsha maji bila moto. Akafungua kinywa aseme, na kabla ya kusema, mkono wake wa kulia, wenyewe, ukaenda kiunoni ukakaza kitenge.

Nadhani padre alikuwa wa kwanza kushindwa kujizuia. Mama wa kwaya walikuwa wanafuta machozi. Mama Bernardine akanielekezea kidole: "Weye Sylvestre! Uko unaniangaliaka mugongo?" Nikajibu ukweli, kwamba mimi nilikuwa natazama milima, ni telefone ndiyo ilimtazama. Sijui kwa nini jibu hilo halikusaidia.

Madame Laure ameelewa yote. Amesema nimebeba mwendo wa mtu bila kuujua, ndiyo maana mkono umekuja na kitenge kimebaki. Kazi amepewa Gracien. Mimi nikitaka nirudi Jumanne, nianze na mpira. Jolie ameondoka na mama yake bila kuniangalia. Sina njaa. Nimekula viazi vitamu vichache tu, na ndagala kidogo, na nimejisikia vibaya kwa ajili ya ndagala.

Jumatatu, tarehe 17 Juni

Nilikuwa nafunga mzigo nikimbilie kwa mjomba wangu kule Nyakabere, nikalime, nisahaulike. Akabisha hodi Papa Cyprien, baba mkubwa wa Jolie, msemaji wa ukoo. Suti, kofia, fimbo. Libérate akamletea kiti. Akatangaza kwamba familia imekaa. Kwa kumtazama mama mkwe mgongoni na kumfanya mbuzi mbele ya kanisa, natakiwa kulipa faini: mbuzi mmoja mzima na kreti ya fanta. Nipeleke mwenyewe Jumamosi, nimevaa vizuri. Akanywa maji, akaondoka.

Mbuzi! Nimemtukana kwa mbuzi, nalipa kwa mbuzi. Kazi nimekosa, mchumba nimekosa, sasa na faini juu. Nikaketi juu ya mzigo wangu, nikalia kidogo. Naandika tu, sioni aibu.

Jolie akaja jioni. Nilidhani anakuja kurudisha picha zangu. Alinikuta katika hali ile, akacheka mpaka akashika ukuta. Akaniuliza: "Weye Sylvestre, muntu wa njia wanamulipishaka amande?"

Amande, yaani faini. Nikafikiri. Polepole, lakini nikafika. Mpita njia akikosa, hufukuzwa. Faini ya mbuzi hutozwa mtoto wa nyumba! Papa Cyprien alisema mama mkwe, kwa kinywa chake. Na nimeitwa niende nyumbani, nimevaa vizuri! Jolie anasema mama yake alikasirika mpaka usiku, lakini asubuhi wanunuzi wa ndagala walikuwa wamejaa, kila mtu anataka kuona mkono. Beseni likaisha mapema. Mama akasema huyu mjinga afadhali awe wa kwetu.

Nampenda Jolie. Mzigo nimeufungua.

Jumamosi, tarehe 22 Juni

Nimejitambulisha! Mbuzi nimemchukua kwa deni, yule yule wa jirani, aliyenipiga. Tulitembea pamoja mpaka kwao Jolie, mimi nyuma yake, sikumwachia nafasi ya maandalizi. Mama Bernardine alinipokea. Hakunitazama, nami sikumtazama, adabu pande zote mbili. Alipoingia jikoni alisimama mlangoni, mkono ukaenda kiunoni. Familia nzima ikameza fanta kwa haraka. Nimeshiba, nimeitwa mwanangu na watu wawili. Sijawahi kuwa na siku nzuri hivi.

Kwa Madame Laure sikurudi. Mpira unaweza kungoja. Hasa kwa kuwa leo nimeona jambo kubwa: Papa Cyprien akiketi. Kwanza anavuta suruali magotini. Anageuka kuhakikisha kiti bado kipo. Anaguna. Anashika kofia isidondoke. Anashuka nusu, anapumzika hewani, ndipo anakaa, na mashavu yanakaa baada yake. Kabla ya kitendo, maandalizi! Gracien hana kitu kama hicho katika vyura wake wote.

Bahati nzuri telefone ilikuwa mkononi, na mimi nilikuwa natazama milima. Nitamfanya kiboko. Safari hii nimejifunza kuwa mwangalifu. Kiboko havai kofia, kwa hiyo kofia siichori. Nitachora tu mkono unaoishika.