Matone Mawili ya Mafuta ya Cherehani

Sogeeni niwaeleze taratibu, maana leo nimefedheheka mchana kweupe.

Mimi ni fundi mkuu kwenye duka letu la kushona kanzu, hapa Mkunazini. Tuko watano, na tuna cherehani moja kubwa ya umeme ambayo siku zote naitunza peke yangu. Nikiumwa mimi, nayo inakauka. Basi jana jioni nikawakusanya wenzangu nikawapa somo. (Napenda kufundisha. Mke wangu anasema hata chai namfundisha kuinywa.)

"Cherehani ni yetu sote," nikawaambia. "Anayepokea wateja aitunze, anayepiga pasi aitunze. Kila asubuhi matone mawili ya mafuta, hapa kwenye kitundu."

Wakakubali kwa moyo mmoja. Nikabandika na karatasi ukutani: KILA ALIYEMO HUMU AITUNZE CHEREHANI HII. MATONE MAWILI KILA SIKU. Nikaenda kulala nimeridhika.

Leo nilikuwa Kidichi kupima wateja, nikarudi saa nane mchana. Nikamkuta Salum ananisubiri. Salum ni bwana harusi. Nikaha yake ilikuwa leo leo, baada ya sala ya alasiri, na kanzu yake nyeupe ilibaki pindo la chini tu.

"Usihofu bwana, dakika kumi," nikamwambia. Nikaona nimuelimishe na mteja. "Unaona? Kwanza matone mawili." Nikatia.

Nikakanyaga. Cherehani ikaenda laini, kama haigusi kitambaa. Nikajisifu moyoni. Nilipofika nusu ya pindo, Salum akauliza kwa adabu, "Fundi, hiyo rangi ya chai nayo ni nakshi?"

Nikatazama. Mstari wa mafuta, mpana kama kidole, umelifuata pindo lote nililoshona, na bado yanatiririka.

"Nani katia mafuta humu?"

"Mie, fundi," akajibu Bi Saada, mpokea wateja wetu, kwa fahari kabisa. "Matone mawili, kama ulivyosema."

"Na mie nshatia," akasema Othman wa vifungo.

Mpiga pasi naye katia. Mkataji katia mara mbili, maana mara ya kwanza hakuwa na miwani. Kisha Salum akanyanyua mkono polepole.

"Nilikuwa nakusubiri, fundi. Nikasoma ukutani. Nami si nimo humu?"

Sikuwa na wa kumgombeza. Wote wamenitii. (Sijawahi kutiiwa hivi, hata nyumbani.)

Saa ilishakaribia tisa. Muda wa kufua na kukausha haukuwepo. Bi Saada akanitazama juu mpaka chini. Mimi na Salum tunalingana kimo.

"Vua, fundi."

"Nivue nini, Bi Saada?"

"Kanzu. Au unataka mwenzio akaoe na fulana?"

Nikavua. Salum keshaoa, alhamdulillahi, na kapendeza. Kila aliyeisifu kanzu, Salum akamwelekeza hapa dukani. Kwa hiyo tangu saa kumi na moja wateja wapya wanaingia, na fundi mkuu anawapima mabega akiwa na fulana na kikoi. Msinicheke sana.

Na nyinyi washirikisheni wenzenu wote kutunza mashine za kazini, ni jambo jema. Ila kwenye karatasi ya ukutani andikeni majina: kila siku mtu mmoja, na akishatia mafuta aweke alama ya vema mbele ya jina lake.