Tangi Langu la Mwaka 1985

Jumatatu, 3 Juni
Umaskini, kwaheri! Redio imetangaza: serikali itasafisha udongo uliomwagikiwa na mafuta Goma nzima na kung'oa matangi ya zamani yaliyozikwa. Mwenye parseli, yaani kiwanja, chenye tangi atapewa fidia. Miaka kumi nauza esanse, petroli ya pikipiki, kwa bidoni kando ya barabara, hatimaye nimekumbukwa! Tatizo dogo tu: sina tangi. Jirani yangu Dancille analo ardhini, la pampu ya mafuta ya marehemu mume wake. Tangu asubuhi anaimba. Ananiudhi.

Jumanne, 4 Juni
Wazo! Mke wangu Emerance ana tangi la chuma la kukingia mvua, alipewa na baba yake siku ya harusi. Yeye yuko Kibumba kununua viazi mpaka Alhamisi. Nimemwaga maji yote, nikatia lita tano za mazutu, dizeli ya malori. Linanuka vizuri ajabu!

Kuchimba ndiyo kazi. Chini ni mawe matupu ya volkano. Nyundo na mtaimbo kutwa nzima. Jioni tangi limeingia hadi shingoni. Kwenye fomu nimeandika: lilizikwa na babu, 1985. Kweli nina akili.

Alhamisi, 6 Juni
Injenia Nizeyimana wa mradi amefika na vibarua wake. Kwa Dancille walivunja mawe mita mbili ndipo wakalikuta tangi. Kwangu aliinama, akagonga mawe.

"Papa Olivier, volkano ilipita hapa mu 2002, ikaacha haya mawe. Hii tangi ya 1985 haiko chini ya mawe yake namna gani?"

Nikamjibu huenda lilipanda. Vibarua walicheka mpaka wakakaa chini.

Fidia hakuna. Lakini kwa kuwa linanuka mazutu, wamelipakia kwenye lori. Emerance alifika na viazi vyake, akaliona tangi la baba yake likienda. Alinipa bidoni mbili tupu na kunionyesha njia ya Kituku, nikachote maji ziwani. Nimeona aibu, aibu ya kweli.

Jumamosi, 8 Juni
Safari sita za ziwani leo. Mgongo umekwisha! Dancille ametuhurumia, ametuazima tangi lake la maji, la chuma. Emerance alilia kwa furaha. Nimeapa mbele yao wote wawili kwamba sitaligusa hata kwa kidole.

Saa kumi na mbili jioni, redio: awamu ya pili ya mradi inaanza Jumatatu! Na sasa kosa langu nalijua: sikuchimba mpaka chini ya mawe. Kesho Emerance atakwenda misa, kisha kwa dada yake mpaka jioni. Mtaimbo nimeunoa. Tangi la Dancille nimelipima kwa kamba tu, sikuligusa.