Kinyozi wa Hayawahusu

Erasto alipanda Newala kutoka Masasi kumsalimia shangazi yake, na hakuwa na nia mbaya na mtu yeyote mpaka alipomwona mbwa.

Alikuwa mbwa wa manyoya marefu, yale ya kufunika macho, na chini ya vumbi jekundu la Newala alionekana mweupe. Alikuwa anajikuna kando ya genge la nyanya akimngoja Mama Queen, mwanakwaya wa kanisani. Mume wa Mama Queen, anayefanya kazi Mtwara, ndiye aliyemleta mbwa huyo amsindikize binti yao shuleni. Njia ya shule inakatiza kwenye mikorosho, na Mama Queen ni mtu wa kupata wasiwasi hata mtoto akichelewa chooni.

"Shikamoo, mama. Anaitwa nani huyu?"

"Marahaba. Hayawahusu."

"Samahani, nilitaka kujua tu."

"Ndilo jina lake, baba. Nimewawekea majirani."

Erasto akacheka kwa adabu, lakini akili yake ilikuwa imeshafika Masasi kwa Mzee Cecil, tajiri wa korosho, aliyekuwa anatafuta mbwa wa namna hiyo wa kukaa getini. Mzee Cecil alishasema hana haja ya kujua mbwa ametoka wapi. Erasto alimpenda sana kwa hilo.

"Anajikuna kwa sababu ya joto la manyoya," alisema, kwa sauti ya daktari anayetoa habari nzito. "Bahati yako, wiki hii nafungua saluni ya mbwa hapa hapa mjini."

Saluni yenyewe aliifungua kesho yake, kwenye chumba cha kupanga nyuma ya soko, kwa mashine ya kunyolea aliyoshuka Masasi usiku kuiazima kwa kaka yake bila kaka kuambiwa. Ukutani akaandika: HUDUMA YA KIMATAIFA. Taifa la pili hakulitaja.

Mama Queen akaja na mbwa wake. Alisimama mlangoni akatazama sakafu kwa muda mrefu.

"Mbona hakuna unywele hata mmoja chini?"

"Usafi, mama."

"Na beseni lako mbona kavu?"

"Maji Newala tunanunua kwa ndoo, mama, unajua mwenyewe. Sisi tunatumia mvuke."

"Basi nikae nitazame."

"Hapana. Mbwa akimwona mwenyewe wakati wa kunyolewa, presha inapanda. Rudi jioni."

Hapo ndipo wengi tunapokosea. Kinyozi asiyetaka umtazame akinyoa, huyo mchukue mbwa wako uondoke naye. Lakini Mama Queen aliona haya kumdhania mtu vibaya mbele ya macho yake, akamwacha Hayawahusu, akaondoka akigeuka nyuma kila hatua.

Erasto akamfungia Hayawahusu stoo. Mbwa, kwa wema wake, akamlamba mkono. Kisha Erasto akamtoa mbwa koko aliyemkamata sokoni kwa kumtegeshea utumbo, mweupe-mweupe, kimo kile kile, akamnyoa mpaka ngozi, na katika kumnyoa akajikata kidole. Akammalizia koko kwa poda ya watoto na manukato.

Jioni Mama Queen akaja na kibakuli cha ugali wa muhogo na dagaa.

"Huyu hapa," Erasto akasema. "Manyoya yakitoka, lazima aonekane mgeni kidogo. Hata binadamu akinyoa ndevu mkewe hushtuka."

Mama Queen hakubisha. Aliweka kibakuli chini, akafumba macho, akasema, "Tuombe." Erasto naye akafumba, maana biashara ina heshima zake. Koko hakufumba. Kibakuli kilikuwa kimelambwa kabla chakula hakijabarikiwa. Mama Queen aliimaliza sala yote bila haraka.

"Amina," akasema.

"Amina," akasema Erasto.

Mama alishajua huyo si mbwa wake. Angepiga kelele, mbwa wake angetoroshwa usiku huo huo asionekane tena. Akaamua kutabasamu.

"Nashukuru umemaliza mapema. Namwahisha kwa bwana mifugo. Kumbe juzi aling'atana na mbwa wa jirani, na yule leo amekufa akitoka povu."

Erasto akarudi nyuma hatua moja. "Huyu?"

"Huyu huyu. Hajakulamba lakini?"

Erasto akakitazama kidole.

"Usiogope, dawa ipo. Ila bwana mifugo lazima amwone mbwa mwenyewe. Akipelekewa mbwa mwingine atasema mzima, nawe utarudi kwenu unabweka. Ndiye huyu, siyo?"

Koko akapiga chafya ya poda.

"Mama," Erasto akasema polepole, "nadhani kuna mbwa walichanganyika stoo."

"Huwa wanachanganyika."

Hayawahusu akatoka stoo na manyoya yake yote. Mama Queen akaishika kamba, na kwa ncha ya khanga akaichukua na mashine.

"Hii imegusana na ugonjwa, usiiguse tena. Nitaiteketeza. Na huyo wako nenda naye. Newala kuna baridi, na umeshamvua koti."

Erasto akakodi bodaboda ya Lameck kushuka Masasi, koko katikati yao. Njiani Lameck akasimama kukaza mnyororo, na Erasto, kwa sauti ya mtu anayeaga dunia, akamsimulia.

"Hayawahusu ana kichaa?" Lameck akacheka mpaka spana ikamdondoka. "Wiki iliyopita tulikuwa wote kwenye foleni ya chanjo, Mama Queen amempakata. Na wala hapigani, anaogopa hata kuku."

"Sasa alijuaje kuwa nilimbadilisha?"

"Si huyu koko alikula kabla ya Amina? Yule mbwa ni wa nyumba ya wanakwaya. Hagusi chakula mpaka asikie Amina. Newala nzima tunajua, kaka. Huko kwenu Masasi ndiko hamkuambiwa."

Mbwa hana, mashine hana, na kaka yake anamngoja. Akafungua gazeti alilofungia maandazi ya shangazi, akaliweka magotini, na kwa mara ya kwanza tangu mavuno ya korosho akaona anahitaji msaada wa juu. Akafumba macho.

"Tuombe," akasema.

Alipofumbua, lilibaki gazeti.