Norman na Maneno Yaliyochacha

Katika mji wetu mzima wa Otley, hapa Uingereza, hakuna aliyewahi kumwambia Norman Sugden "pole sana" akasalimika!

"Pole sana?" angekuuliza, mguu wake uliovunjika bado uko kwenye plasta. "Hilo neno wamelivaa wangapi kabla yako?"

Alikuwa mwalimu mstaafu wa Kiingereza, na kazi aliyojipa uzeeni ni kuwinda maneno yaliyochacha. Alijigamba kwamba Kiingereza chetu kina maneno arobaini ya kuyatukana: moja la usemi uliochuja, jingine la ulionyauka, jingine la uliochakaa kama farasi wa kukodisha. Yote anayo kichwani! Hata mchungaji alimsahihisha mahubiri ya mazishi, marehemu akiwa bado hajafukiwa.

Lakini Norman alikuwa amependa. Tena amependa hasa! Aliyempenda ni Maureen Holroyd, mjane mwenye duka la sufu ya kufumia. Kwa miaka miwili, kila Jumamosi alikwenda kununua sufu, naye hajui kufuma hata soksi ya paka. Kumwambia alishindwa, kwa sababu kila neno la mapenzi alilolipanga alikuta wenzake wameshalitumia. Nyumbani kwake sufu ilijaa mpaka bafuni.

Siku ya wapendanao alikuja maktaba, kwenye kikundi chetu cha uandishi, ambamo Maureen naye yumo, amefunga tai. Aliniambia mpango wake pembeni: kwanza amwonyeshe Maureen makali yake, kisha amwalike chakula cha jioni.

"Jamani!" akaanza, akichomoa kadi mfukoni. "Hii nimeikuta mlangoni asubuhi. Haina jina."

Kadi za siku hiyo haziandikwi jina, ndiyo raha yake. Hii iliandikwa kwa herufi kubwa za kuficha mwandiko, na Norman alikuwa ameshaichora wino mwekundu mpaka ikaonekana imepata ajali.

"Sikilizeni! 'Moyo wangu hudunda nikuonapo.' Lo! Na asiponiona moyo unafanya nini, unapumzika?"

Watu wakacheka. Mimi nilikaa karibu na Maureen, na Maureen hakucheka. Masikio yalikuwa yamemwiva wekundu.

"'Nakupenda kwa moyo wangu wote.' Kuna anayependa kwa robo? Nimempa mbili kwa kumi, tena za huruma! Maureen, wewe unaonaje?"

"Mbili?"

"Nimempendelea."

"Nyuma umesoma?"

"Nyuma hakuna kitu."

"Chini, pembeni. Kwa penseli."

Norman akavaa miwani, akageuza kadi. Masikini, mdomo wake ulikuwa na mbio kuliko akili, akasoma kwa sauti: "'Jumamosi njoo, ila usinunue sufu.'"

Chumba kizima kikanyamaza. Msimamizi wa maktaba, ambaye siku zote ndiye hutunyamazisha, aliinua kichwa kuona kulikoni.

Norman alimtazama Maureen, akaitazama kadi, akamtazama tena Maureen. Nikaomba kimoyomoyo aseme jambo la maana, japo moja tu.

"Maureen," akasema, "hii sentensi ya mwisho ni nzuri sana! Hii ningekupa tisa!"

Maureen akainuka. Akamnyang'anya kadi, akaitia kwenye mkoba, akavaa koti akifunga kifungo kimoja kimoja, akatoka bila kuaga.

"Mkimbilie, bwana wee!" nikamsukuma Norman. "Unangoja nini?"

"Nimwambie nini?"

"Mwambie samahani!"

"Samahani? Hivyo tu?"

"Hivyo tu! Nenda!"

Akakimbia mpaka mlangoni, akashika kitasa. Nje tulisikia gari la Maureen likiwashwa. Norman akanigeukia, jasho linamtoka, macho yamejaa machozi.

"Hakuna lingine," akaniuliza, "ambalo halijatumika sana?"