Siku Sista Dufie Alipoipima Pua ya Nana

Sogezeni vigoda, enyi mliowahi kulala karibu na mkoromaji, na mwenye kunde za kuchambua achambue kimyakimya; maana navieleza vita vya wodi ya wanaume, katika hospitali moja ndogo ya Ashanti, vilivyopiganwa baada ya chakula cha mchana, silaha yake ikiwa kipande cha karatasi ngumu kisichozidi kiganja.

Kitandani alilala Nana Twum Ampofo, chifu wa vijiji saba, mwenye shingo nene mithili ya kinu, ambaye mkoromo wake uliwahi kuwatoa mbuzi zizini. Lakini adui hakuwa mkoromo. Adui alikuja mkoromo ulipokoma: koo likajifunga, kifua kikahangaika bila hewa, mpaka mkewe, Maame Birago, amchome ubavuni kwa kidole. Miaka kumi na mmoja mama yule alilala mkono mmoja juu ya kifua cha mumewe, akisikiliza.

Daktari akaamuru mashine ya kusukuma pumzi, na barakoa yake ya kuvaa puani. Ikavalishwa, na lo! Hewa ikavuja pembeni ikipiga mluzi kama birika. Nana akaing'oa akaitupa, mara tatu.

Hapo akainuka Sista Dufie, muuguzi, binti wa muuza kenkey, yale madonge ya unga wa mahindi uliochachushwa, jabari wa mabeseni, mwenye viatu vyeupe vilivyopasuka kisigino. Akaiokota barakoa, akaigeuza, akaona alama ukingoni: saizi ndogo.

"Nani alipimwa uso?"

Kwa kuwa chifu hasemeshwi ana kwa ana, alijibu msemaji wake, Opanyin Badu, mzee mkavu kama samaki wa moshi, mshika fimbo ya dhahabu.

"Nilipimwa mimi! Chakula chake naonja mimi kwanza, neno lake nasema mimi kwanza. Uso wa Nana haupimwi, Sista. Anayepimwa ni maiti, kwa ajili ya jeneza."

"Kwa hiyo Nana apumue kwa pua yako?"

Wagonjwa wakacheka chini ya mashuka.

"Mwambie aniache nilale," Nana akanguruma. Na kabla msemaji hajayapamba maneno hayo, Nana alikwisha kusinzia. Akakoroma. Kisha kimya. Kibano cha kidoleni mwake, kile kinachopima hewa ndani ya damu, kikaanza kusoma kushuka: tisini, themanini na nne, sabini na tisa. Maame Birago akainua mkono, ukaanguka juu ya shuka.

"Sista," akasema, "kidole changu kimechoka."

Dufie akamtikisa chifu bega, mwenyewe, bila kuomba ruhusa. Nana akazinduka akitweta, na muuguzi yule shujaa akasimama wima, akahutubia:

"Opanyin, mfikishie Nana. Achague. Leo nampima pua tu, kwa mkono huu ulionawa. Akikataa, atapimwa mwili mzima na seremala, na seremala hatakuomba ruhusa wewe!"

Badu akageuka. "Nana, Sista anasema... kuna kipimo kifupi, na kuna kirefu."

Nana akayatazama macho ya mkewe, mekundu kama mawese kwa kukesha. "Kifupi," akajibu mwenyewe, bila msemaji, jambo ambalo vijiji saba havijawahi kulisikia.

Ndipo ile karatasi ngumu ya kupimia ikasonga mbele! Ikakwea mlima wa pua, ikazunguka mapango yake mawili, ikarudi na habari: saizi kubwa. Dufie akatoa barakoa nyingine kabatini, akafunga mikanda kwa kuacha nafasi ya vidole viwili, akashusha sikio kusikiliza. Mluzi ulikuwa umekufa. Nana akalala. Themanini na tano. Tisini na moja. Tisini na sita.

Opanyin Badu akanyanyua fimbo, akatangaza ushindi wa Nana Twum Ampofo, mshinda-koo, na hata leo kule husema ule ni mwaka Nana alipolala.

Si kweli. Sista Dufie aliona. Aliyelala hasa ni Maame Birago, kwenye kiti cha mbao, mdomo wazi, mkono wake ukiwa mapajani mwake mwenyewe.