Koti la Daktari wa Kuku

Sixbert aliiona riziki yake kwenye foleni ya maandazi. Muuza dawa mmoja wa pale Singida mjini alitoka dukani kwake na koti jeupe mwilini, akaenda kununua kitafunwa, na foleni nzima ikampisha. Wala hakuomba. Mzee aliyekuwa mbele ya wote alirudi nyuma mwenyewe akasema, "Tangulia, daktari," ilhali pale hakukuwa na asiyejua kwamba kazi ya daktari huyo ni kuuza panadol na kutafuta chenji.

Sixbert alikuwa na njaa, lakini njaa ikamtoka. Alikumbuka chuo cha ualimu, ambako alikaa mpaka yeye na chuo wakachokana. Mkufunzi wa saikolojia aliwasimulia jaribio lililofanyika ughaibuni: watu wa kawaida kabisa, wenye ndoa zao na watoto wao, waliambiwa na bwana mwenye koti wabonyeze swichi impige mwenzao shoti ya umeme kila akikosea jibu. Wakabonyeza. Mwenzao akalia, bwana akasema endeleeni, wengi wakaendelea mpaka mwisho. Shoti zilikuwa za kuigiza, ila wao hawakujua. Wanachuo wengine walisikitika sana wakafaulu mtihani. Sixbert hakusikitika, na mtihani hakuufanya, lakini somo lilimkaa kichwani kuliko wote.

Alishuka mitumbani akapata koti jeupe lenye mifuko mitatu. Mfuko wa juu akauchomekea kalamu, maana koti bila kalamu ni la mchinja nyama. Kisha akakodi kenta, mafuta na dereva vikalipiwa kabisa, kwenda Sepuka na kurudi. Sepuka kulikuwa na majogoo ambayo wanunuzi wa Dar es Salaam huyaota usingizini.

"Hussein," alimwambia dereva njiani, "tukifika huko sina jina. Mimi ni daktari. Atakalosema daktari, wewe fanya, usiulize."

"Mimi bosi wangu ni aliyelipia tripu," alisema Hussein. "Hata akivaa gunia."

Kitongojini walimkuta Samweli, mwenyekiti, akirekebisha jembe. Sixbert hakumsalimu kwa kirefu. Alitazama kuku waliokuwa wakiparura uani, akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema, "Mwenyekiti, mmeshachelewa."

Samweli hakujua wamechelewa nini, na hilo hasa ndilo lililomtia hofu.

"Kuna ugonjwa wa mdondo wa aina mpya," alisema Sixbert. "Maelekezo yametoka juu."

Sasa, juu ni mahali pakubwa sana katika nchi yetu. Maagizo yote hutoka huko, na sijawahi kumsikia mtu akiuliza nauli ya kwenda kupaona. Samweli naye hakuuliza. Alipiga filimbi, wenye kuku wakaja nao.

Sixbert hakuwaambia wampe kuku. Angewaambia hivyo angepigwa mawe. Aliwaambia tu wafunge uzi mwekundu mguuni kwa kila jogoo. Uzi ni kitu gani? Wakafunga. Waliofunga walipomaliza, akawaambia wenye uzi watengwe na wasio na uzi. Wakatenga. Halafu, ili wasichanganyike tena, wawekwe kwenye matenga. Halafu matenga yasogezwe kivulini, na kivuli kizuri kuliko vyote, kwa bahati, kilikuwa cha kenta. Kila hatua ilikuwa ndogo kuliko aibu ya kuikataa.

"Jioni watapelekwa mjini kupimwa," alisema. "Wazima watarudi. Mkiwa na wasiwasi, lawama zote ni zangu, si zenu."

Hapo mabega ya watu yakashuka. Mtu akishaondolewa lawama huwa mwepesi ajabu.

Aliyebaki na mabega juu alikuwa Eliana. Majogoo yake, aliyoyalea tangu vifaranga na kuyafukuzia kicheche kwa mkono, hayakuwa majogoo tu. Yalikuwa bati. Paa lake la nyasi lilikuwa limeoza upande wa kitanda cha mkwewe, Bibi Scholastika, na mwaka uliopita bibi aliugua kifua masika nzima kwa kulala kwenye unyevu. Eliana alikuwa ameapa kwamba mvua mpya isimkute bibi chini ya paa lile, na mawingu upande wa Ikungi yalikwisha kuanza kukusanyika.

"Leah," alimnong'oneza jirani yake, "tumjue kwanza huyu ni nani."

"Si daktari? Wenzako wote wametoa. Utakuwa wewe wa kuleta mdondo kitongojini?"

Wakati huo Bibi Scholastika alikuwa amefika na fimbo yake. Aliliona koti, na kwa kuwa macho yake hayakuona zaidi ya koti, akainama kidogo akasema, "Shikamoo, daktari."

"Marahaba," alijibu Sixbert, bila kugeuka.

Eliana aliganda. Alikuwa amewaona maofisa wengi katika maisha yake: wa kilimo, wa afya, wa kura. Wengine walikuwa wakali, wengine walikuwa walevi, lakini hakuwa ameona hata mmoja aliyelelewa mkoani hapa akapokea shikamoo ya bibi wa umri ule bila kushtuka na kuirudisha haraka kama kitu cha moto. Ofisa wa kweli ana cheo, kwa hiyo ana nafasi ya kuwa na adabu. Huyu alikuwa na koti tu, na alikuwa analishikilia kwa nguvu zake zote.

Hasira ilimpanda mpaka masikioni. Lakini aliwatazama wenzake wakisukuma matenga, akajua kwamba akipiga kelele sasa atakuwa mwanamke mmoja anayebishana na serikali. Hawakuwa wakimtii yule mtu. Walikuwa wakilitii koti.

Akamwendea akitabasamu. "Daktari, kazi umeifanya kubwa, na hao kuku wamekuchafua mgongo mzima. Mgeni wetu hawezi kurudi mjini hivyo. Maji ya moto yako bafuni kwangu, hapo jirani. Koti nikilifua sasa, kwa jua hili, litakauka hujamaliza kula."

Sixbert aliona kwamba mkubwa akikataa kuhudumiwa anaanza kufanana na watu wengine. Akampa koti. Akampa na suruali. Akaingia kwenye bafu la matete akiwa na kanga ya Bibi Scholastika kiunoni, akaanza kuimba.

Eliana hakulifua. Alilikung'uta, akalivaa, akakunja mikono iliyokuwa mirefu, akasimama mbele ya kenta.

"Maelekezo yamebadilika," alisema.

Watu wakamtazama. Mtu mmoja alianza kucheka, akaitazama ile kalamu mfukoni, akaacha.

"Yamebadilishwa na nani?" aliuliza Samweli.

"Mwenyekiti, daktari yuko bafuni na koti kaniachia mimi. Mnaliona au hamlioni?"

Wakaliona.

"Pakieni matenga. Kila mwenye kuku apande na kuku wake. Tunakwenda sokoni Singida, kila mtu auze mwenyewe."

"Na kupimwa?" aliuliza Leah.

"Mnunuzi atawapima kwenye mizani."

Leah aliona jibu hilo lina utaalamu. Matenga yakaanza kupanda. Hussein aliteremsha kioo akauliza kama tripu ni ileile iliyolipiwa, akaambiwa ni ileile, akawasha gari.

Mngurumo huo ulikatiza wimbo bafuni. Sixbert alitoka mbio, povu kichwani, kanga ameishika kwa mkono mmoja. "Simamisheni! Nani kaamuru?"

"Umeoga salama, daktari?" alisema Samweli kwa heshima. "Maelekezo yamebadilika."

"Yametoka wapi?"

"Juu."

Eliana alitoa simu yake aliyoitia mfukoni mwa koti, akasema taratibu, "Kama daktari ana shaka, tumpigie ofisa mifugo wa wilaya. Namba ninayo. Nipige?"

"Hapana," alisema Sixbert. "Hakuna haja ya kumsumbua."

"Basi kwanza mwamkie bibi. Asubuhi hamkusalimiana vizuri."

Macho yote yalimwelekea. Povu lilikuwa likimtiririka machoni. Sixbert akapiga goti, kanga na yote, akasema shikamoo, na kitu fulani ndani yake kikarudi utotoni palepale.

"Marahaba, mwanangu," alisema Bibi Scholastika. "Nishikie hii fimbo." Akaishika. "Niletee kile kigoda." Akaleta. "Tenga lile limebaki, wapandishie wenzako." Akalipandisha, tena akalifunga kamba vizuri lisidondoke. Kenta ikaondoka na tripu aliyoilipia, na kuku wote, na koti, akabaki akiipungia mkono bila kujua kwa nini. Suruali yake bibi alikwisha kuitumbukiza kwenye beseni. Mtu hatoroki Sepuka na kanga kiunoni, kwa hiyo alichota maji, akapasua kuni, akala ugali na mlenda aliopewa.

Kenta ilirudi jua likiwa bado juu, kwa nauli waliyochanga wenye kuku, imebeba bati. Eliana alishuka wa kwanza, akaligusa kila bati kwa kiganja, akafuta machozi kwa mkono wa koti bila kuficha. Fundi alikuwa mmoja na mawingu yalikuwa mengi. Bibi Scholastika akaangaza huku na huko, akamwona Sixbert.

"Panda wewe, una miguu myepesi."

Akapanda. Tone la kwanza lilianguka akiwa amebakiza misumari michache upande wa kitanda cha bibi, naye akaongeza kasi, jasho likimtoka, akigombana na fundi kwamba bati halijakaa sawa.

Mwendesha baiskeli mmoja alipita njiani na gunia lake la alizeti, akamwona mtu juu ya paa amevaa kanga ya maua, akasimama.

"Ndugu, hapo ni kwako?"

"Hapana."

"Wanakulipa?"

"Hapana."

"Sasa unafanya nini huko juu mvua inanyesha?"

Sixbert alishusha nyundo. Sababu zote alizijua, tena kwa mpangilio, na kama ni mtihani angeandika kurasa.

"Nimetumwa," alisema, akapigilia msumari.